Jedwali la Vijijini

Desemba 3
Mvua bado. Nimeanza daftari hili kwa sababu Henry, mume wangu, amesema nikimletea tena hasira za ofisini mezani atahamia kwa dada yake. Haya, nitaziandika, ale ugali wake kwa amani.

Hasira ya leo ni Dokta Cornel, mkurugenzi wa kituo chetu cha kupima akili za watu wazima hapa mjini, mtaa wa Area D. Amefuta tena mstari wangu. Mimi ndiye mtakwimu. Mustapha, mwanasaikolojia wetu, anakaa na mtu anampima, kisha ananiletea maksi ghafi. Mimi nazipeleka kwenye jedwali la umri wake, jedwali la mjini au la vijijini, nazigeuza kuwa alama. Mia moja ndiyo katikati ya watu wote. Chini ya sabini, makaratasi yanasema una upungufu. Kila mara nikiandika alama naandika na kiasi inachoweza kukosea, juu na chini, maana mtu huyohuyo ukimpima wiki ijayo hapati namba ileile. Na kila mara Cornel anaufuta mstari huo.

"Dada Anjelina, wateja wetu wanataka namba moja."

Wateja! Utadhani tunauza sukari.

Desemba 11
Mvua ya kwanza, dakika ishirini, na umeme ukaondoka nayo. Jumamosi tunapanda mtama kwenye ekari yetu nyuma ya kilima.

Desemba 12
Kafuta tena.

Desemba 19
Mvua nzuri usiku kucha. Cornel yuko likizo. Wiki nzima sijamgombeza mtu, Henry ananiuliza kama naumwa.

Januari 9
Leo kaja mama mmoja kutoka kijijini Kongwa, Raheli, miaka thelathini na minne. Kaletwa na Shamimu, afisa ustawi wa jamii, binti mwenye adabu na mafaili mengi. Raheli ana kifafa. Mwezi wa kumi na moja alianguka jikoni, na bintiye Paulina, mtoto wa miaka sita, akaungua mkono alipokuwa anajaribu kumvuta mama yake asiingie motoni. Mwalimu akaona kidonda, akaripoti. Sasa mtoto yuko kwenye makao ya watoto hapa mjini, na mahakama imeomba ripoti: je, akili ya mama huyu inatosha kumlea mtoto? Baba mtu yuko machimboni, mwaka wa pili huu hajapiga simu.

Raheli alinisalimia shikamoo, nikaitika, kisha akauliza, "Mama, nikifaulu leo naondoka naye leo?"

Shamimu akaangalia mafaili yake. Mimi nikasema, "Hapana mdogo wangu, mpaka mahakama." Akasema haya.

Mustapha alikaa naye saa mbili na nusu. Kiswahili chake ni cha kutafuta, Kigogo ndiyo lugha yake, na vidonge vya kifafa vinamlegeza, ulimi unakuwa mzito. Kwenye vile vibao vya kupanga mchoro alipatia vinne kati ya sita baada ya muda kwisha. Ukipatia baada ya muda ni sifuri, ndivyo mwongozo unavyosema. Mustapha alimuuliza jembe na kalamu vinafanana nini. Jibu la maksi mbili ni kwamba vyote ni vifaa vya kazi. Raheli akafikiri, akasema, "Vyote vinaotesha sugu. Ila kalamu ni kidole kimoja."

Sifuri. Mustapha kaandika sifuri huku anacheka kwa huzuni, akanionyesha. Jibu zuri kuliko la mwongozo, jamani, na tumelipa sifuri!

Januari 12
Alama ya Raheli, jedwali la vijijini, umri wa thelathini hadi thelathini na tisa: sitini na nne.

Nimeandika: sitini na nne, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya hamsini na saba na sabini na moja. Nikaongeza habari ya dawa na ya lugha. Nimepeleka kwa Cornel kabla sijabadili mawazo ya kuwa mstaarabu.

Januari 13
Kafuta. Yote. Imebaki "64" peke yake katikati ya ukurasa, na neno "upungufu" chini yake.

Nilimfuata ofisini. Nilisema, "Dokta, sabini na moja imo humo ndani. Kisayansi huwezi kusema huyu mama yuko chini ya mstari."

"Na hamsini na saba je? Nayo imo."

"Basi andika zote mbili!"

"Hakimu atasema hatujui kazi yetu."

"Hatuijui kwa kiasi hicho, Dokta! Ndiyo maana ya ule mstari!"

Akavua miwani akaifuta. Huwa anafuta miwani ukimpandishia sauti, anafuta kama vile una vumbi wewe. Akaniambia kwa upole kwamba nimekuwa mkali sana siku hizi na nifikirie likizo. Upole wake ndio unaoniua. Bora angenitukana tukajua moja.

Januari 14
Ripoti imekwenda. Mvua imekatika siku ya tisa sasa. Mtama umeanza kujikunja majani.

Januari 30
Kiangazi cha katikati kinaendelea. Shamimu amepita ofisini. Kesi itasikilizwa Mei, hakimu ana mashauri mengi. Nilimuuliza Paulina yuko vipi. Kasema ni mtoto mzuri, hasumbui. Kisha akaniuliza, "Dada Anjelina, hiyo sitini na nne, ndiyo akili ya mtoto wa miaka mingapi? Maana fomu yangu inataka umri wa akili."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia fomu yake aitie kwenye ndoo. Binti wa watu akaondoka macho yamelowa. Halafu nikakaa najiuliza, kosa lake ni lipi? Kapewa fomu. Cornel kapewa wateja. Kila mtu hapa kapewa kitu cha kujificha nyuma yake.

Februari 8
Mvua! Milimita sijui ngapi, barabara ya Mkonze imekuwa mto. Henry kaacha gari barabarani kaja kwa miguu, suruali mkononi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Februari 20
Raheli kaja mwenyewe, hakuitwa na mtu. Katoka Kongwa alfajiri, kapita makao kumwona mtoto, kisha kaja kwetu na kifurushi cha mlenda mkavu. Alitaka kurudia mtihani. Kasema alijisomea. Kuna mwalimu jirani yake kamfundisha kupanga vibao kwa kutumia maganda ya viberiti.

Cornel kasema hairuhusiwi kurudia kabla ya mwaka kupita. Na kweli hairuhusiwi, huo ndio uchungu wake: kwa hilo ana haki. Ilibidi niende mimi kumwambia. Aliuliza, "Hata kidogo?" Nikasema hata kidogo. Mlenda kaniachia. Nilitaka kumrudishia nikaona nitamtukana zaidi.

Februari 21
Mlenda ulikuwa mtamu. Nimekula kwa hasira.

Machi 7
Ndege wameingia kwenye mtama. Wanatua elfu kwa mpigo, wanakamua punje zikiwa na maziwa. Nimechukua likizo ile ile aliyonishauri Cornel. Tunaamia ndege kwa zamu mimi na Henry, makopo na kelele toka alfajiri mpaka jua linazama.

Machi 10
Koo limekauka. Hata hasira haitoki.

Machi 16
Nina la kusema leo! Karani wa mtaa alipita wiki nzima anaandikisha kaya za kupewa vyandarua. Kafika kwangu mara tatu, hakunikuta. Angenikutaje? Niko kilimani napiga makopo! Basi kaandika "hayupo" na nafasi yangu kampa jirani, mama Frida, ambaye hana hata bustani, yupo sebuleni mchana kutwa. Nilimwendea karani. Nikamuuliza, msimu huu wote, nani mwenye shamba anakaa nyumbani saa nne asubuhi? Akanijibu bila aibu: "Mama, mimi nina idadi ya kutimiza. Nilichukua waliopatikana."

Nilimfokea mpaka majirani wakatoka. Waliopatikana! Huo ndio uandikishaji? Si kuandikisha wavivu huko?

Machi 17
Sijalala vizuri. Neno la yule karani linanirudia na sijui kwa nini linanichoma hivi. Ni chandarua tu.

Aprili 2
Mvua za mwisho mwisho. Nimerudi kazini. Cornel kanikaribisha, kaniuliza kama nimepumzika. Nimemwonyesha viganja.

Aprili 9
Nimeandika na kufuta ukurasa huu mara mbili. Sasa naandika moja kwa moja.

Jedwali la vijijini tulilitengeneza wenyewe miaka mitatu iliyopita. Tulichagua watu mia nne kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari za vijiji, wapimaji wakaenda kuwapima, na maksi zao ndizo zikawa kipimo. Ukisema "katikati ya watu wa vijijini", ni hao mia nne. Raheli alilinganishwa na hao. Na kazi hiyo ilifanyika Februari na Machi.

Nilishuka stoo leo asubuhi, nikafungua masanduku ya fomu za awali. Kwenye kompyuta kuna maksi tu na umri. Kwenye karatasi kuna mpaka kazi ya mtu. Nikaanza kusoma. Mwalimu. Mwalimu. Muuguzi. Bwana shamba. Mwalimu. Mtendaji wa kijiji. Mwenye duka la dawa. Mwalimu mkuu. Kijiji kizima kimegeuka chumba cha walimu! Nikahesabu. Kati ya watu mia nne, mia mbili thelathini na mmoja hawakuwa wale waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wale waliochaguliwa hawakukutwa nyumbani, na mahali pao wakawekwa wengine, na kati ya hao wengine walimu peke yao ni themanini na wanane. Wenye mshahara, wanaokaa kando ya barabara, ambao Machi hawana ndege wa kufukuza. Katikati ya jedwali ikapanda, Raheli akaonekana yuko chini.

Kila badilisho lilikuwa na fomu yake. Sababu: "Hayupo, yuko shambani." "Hayupo, shambani." "Shambani." Fomu mia mbili thelathini na moja. Na chini ya kila fomu, mahali pa msimamizi anayeidhinisha, kuna sahihi.

Yangu.

Nakumbuka sasa. Nilikuwa ofisini na feni, wapimaji wakanipigia simu kutoka Kongwa. Mmoja alisema, "Dada, watu wako mashambani, wengine wanalala huko huko vibandani, tungoje wavune." Nami nikasema mradi una tarehe zake. Nikasema, "Chukueni wanaopatikana, mradi idadi itimie." Mimi. Kwa mdomo huu huu uliomfokea karani wa watu kwa ajili ya chandarua.

Miezi minne nimemkasirikia Cornel kwa mstari mmoja anaoufuta. Yeye kafuta mstari. Mimi nimefuta watu mia mbili thelathini na mmoja, kisha nikapiga muhuri kwamba ndio kijiji.

Nimekaa stoo hadi Mustapha akaja kunitafuta. Nilimwonyesha. Alisoma fomu kama ishirini hivi, akavuta kigoda akakaa kando yangu.

Aprili 14
Nimepiga hesabu upya. Nimewapunguzia walimu uzito, nikawapa wakulima uzito wao kulingana na elimu ya watu wa vijijini kweli. Nimerudia kwa njia tatu tofauti ili nisijidanganye kwa sababu nataka jibu zuri. Raheli: sabini na sita. Kati ya sitini na tisa na themanini na tatu.

Ile sitini na tisa imenikera ajabu. Nilitaka itoke. Haikutoka, nami sitaifuta.

Aprili 15
Nimempelekea Cornel. Safari hii sikupiga kelele. Alisoma hadi mwisho, akafika kwenye sahihi yangu, akaniangalia.

"Unajua ukipeleka hii, anayeharibikiwa ni wewe."

"Najua."

"Na kituo. Ripoti zote za vijijini zimepita kwenye jedwali hili, Anjelina."

"Najua, Dokta."

Akafuta miwani. Na safari hii sikuwa nimempandishia sauti. Nilidhani huyu mtu hana hofu, kumbe miaka yote ni hofu tupu. Kasema kituo hakitapeleka marekebisho mahakamani, tutarekebisha jedwali kimya kimya mwakani. Nikamwambia mwakani Paulina atakuwa na miaka saba na mama mwingine. Kasema nifunge mlango nikitoka. Niliuacha wazi.

Aprili 16
Nimempigia Shamimu. Kwanza nimemwomba radhi kwa habari ya ndoo. Kisha nimemweleza yote. Akauliza: "Dada, uko tayari kuyasema hayo mbele ya hakimu?" Yule binti niliyemwona wa mafaili tu. Kaiandikia mahakama barua leo leo.

Aprili 25
Mvua imekwisha kabisa. Upepo umeanza. Tunavuna. Cornel hanisalimii.

Mei 7
Mahakamani leo. Chumba kidogo, watu wachache, maana ni shauri la mtoto. Raheli kavaa kitenge kipya na viatu vya kuazima, vinampwaya. Paulina hakuwepo, walimweka chumba cha pili.

Hakimu, mama mtu mzima, aliniuliza alama ni sitini na nne au sabini na sita. Nilieleza kama ninavyoandika hapa. Watu mia nne, bahati nasibu, Machi, walimu. Akauliza, "Nani aliidhinisha kuwabadili?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Ulijua kuwa ni kosa?"

Nilitaka kusema sikujua. "Niliambiwa na wapimaji. Sikutaka kusikia."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Shamimu, akamuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuuliza tangu Novemba. Raheli anameza dawa zake? Anameza, kadi ya kliniki hii hapa, hajakosa mwezi. Ameanguka tena? Hapana. Jiko je? Majirani wamemjengea jiko la kuinuka, la udongo, lenye ukingo. Mtoto akiulizwa anasema nini? Shamimu akasoma: anasema mama akianguka namgeuza ubavu, naita mama Eliakimu wa jirani. Hakimu akatua kalamu. Akasema makaratasi yote haya, na hili la jiko hakuna aliyeliandika ukurasa wa kwanza.

Mtoto anarudi kwa mama, Shamimu atawatembelea kila mwezi kwa mwaka mmoja. Raheli hakuelewa mara moja. Shamimu akamrudia polepole, na mzee mmoja wa baraza akamwambia kwa Kigogo. Ndipo akaketi sakafuni palepale, kiti kikiwa nyuma yake.

Nje nilimfuata. Paulina alikuwa amemng'ang'ania kiunoni. Nilimwambia Raheli kuwa lile kosa la namba lilikuwa langu, kwamba miaka mitatu iliyopita watu wetu walikuja hadi vijijini kwao na mimi ndiye niliyewaambia wasingoje. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwezi gani?"

"Wa tatu."

"Tulikuwa tunaamia ndege."

"Najua."

"Si mngeuliza tu, mama. Hata mtoto angewaleta. Shamba si mbali."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua la kumjibu. Nikasema samahani. Akasema, "Nimesikia," akampandisha Paulina mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka sita, wakaenda. Hakuniaga.

Mei 8
Sikwenda kazini. Nimepepeta mtama kutwa. Henry kaniletea chai, kakaa, hakunitania.

Mei 12
Cornel kanipa barua ya kujieleza. Nimejieleza kurasa sita. Nimeomba na mimi kitu: orodha ya ripoti zote zilizopita kwenye jedwali la vijijini zikatoka chini ya sabini. Kasema zimefungwa. Mustapha kaipitisha chini ya mlango wangu saa tisa alasiri. Watu kumi na mmoja.

Mei 13
Wa kwanza kwenye orodha ni Bartolomayo, miaka hamsini na mmoja, Kongwa. Mwaka jana alipoteza kazi ya ulinzi wa ghala kwa sababu ya alama yangu: sitini na saba. Nilipiga simu saa tatu asubuhi. Alipokea mwanamke.

"Mume wangu hayupo," akasema. "Yuko shambani, anavuna. Piga kesho kutwa."

Nikamwambia sitapiga, nakuja. Nikamuuliza shamba liko upande gani.